Makaburi Kumi na Moja ya Ukuta wa Kaskazini

Katika parokia nzima ya Llanerwyn hapakuwa na mtu aliyejua mengi kuliko Leusa wa Pen-y-ffridd, wala aliyeulizwa machache kuliko yeye. Alikaa peke yake katika nyumba ya mwisho kabla ya mlima, pale ukuta wa mawe unapokoma na kondoo wa kila mtu wanachanganyika. Moshi wake ulionekana kutoka kijijini, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwa watu. Asubuhi wakiuona walijua yu hai, basi wakaendelea na shughuli zao.

Shule aliiacha akiwa na miaka tisa, kabla herufi hazijamkaa kichwani. Bibi yake, Nansi, aliteleza kwenye barafu mlangoni akavunjika nyonga, na ilibidi mtu abaki kumhudumia. Kaka yake Huw alikuwa mvulana, kwa hiyo mtu huyo hakuwa yeye. Huw alisoma, akaenda Liverpool, akaoa, akawa anatuma kadi wakati wa Krismasi. Leusa alizipanga kwenye kabati la vyombo, moja nyuma ya nyingine, bila kujua zinasema nini. Yeye alibaki na bibi, na bibi aliishi miaka kumi na sita zaidi bila kutembea.

Hiyo miaka kumi na sita ndiyo ilikuwa shule ya Leusa. Kila siku isiyo na mvua alimbeba bibi mgongoni akamketisha kwenye jiwe la mlangoni, na kutoka pale bonde lote lilionekana. Nansi alikuwa anafuma soksi huku akisema. Alianza juu akateremka, nyumba kwa nyumba. Pale penye mawe matatu na mti wa miiba aliishi mwanamke aliyezaa mapacha mara tatu na hakubaki na hata mmoja. Lile shamba lililoinama ni Shamba la Ugomvi, ndugu wawili walipigania kondoo dume hapo hadi mmoja akapofuka jicho. Kile kinu kiliungua siku ya harusi. Nani alihama, nani alifukuzwa na mwenye ardhi, nani alikwenda Amerika akiwa na kiatu kimoja. Leusa akirudia na kukosea, bibi alimgonga kiganja kwa sindano ya kufumia akamwambia aanze tena kutoka juu. Hakumruhusu aendelee kutoka pale alipokosea. Kutoka juu.

Na wafu je? Wafu aliwajua kwa macho yake mwenyewe. Baba yake alikuwa mchimba makaburi wa parokia, na Leusa ndiye aliyempelekea chakula cha mchana, mkate wa shayiri na jibini ndani ya kitambaa. Alijua kila mtu alipolazwa, hasa wale wa ukuta wa kaskazini. Hao walikuwa kumi na mmoja kwa mstari mmoja, watu wasiokuwa na uwezo wa kuchongewa jiwe. Walichomekewa bamba tupu kichwani, halina herufi, kama kijiko kilichosahauliwa kwenye uji. Nansi naye alipokufa alilazwa hapo, wa tatu ukihesabu kutoka kwenye ule mti mkongwe mweusi usiopukutisha majani. Baba aliuliza kama wauze ng'ombe ili wanunue jiwe la kuandikwa. Lakini ng'ombe alikuwa mmoja.

Kisha baba akafa, na kwa muda mrefu sana hakuna aliyemuuliza Leusa kitu chochote.

Ifor Prydderch alikuja kuwa mwalimu mkuu wa shule yetu Leusa akiwa na miaka hamsini na moja. Alikuwa mtu wa Kusini, mpole, mwembamba, mwenye viatu vya mjini vilivyopigwa na matope yetu vikasalimu amri ndani ya mwezi mmoja. Mwaka huo kamati ya eisteddfod, ile siku yetu ya mashindano ya kuimba, kughani na kuandika, ilitangaza shindano la insha: historia ya Parokia ya Llanerwyn. Atakayeshinda angechapiwa kitabu. Mwalimu alitaka kushinda, ili watu wasiendelee kumwita mgeni. Alizunguka kijijini akiuliza, na Wil wa Dukani, ambaye hakosi la kusema, alimwambia apande kwa Leusa, ila abebe chakula, kwa sababu yule mama akianza hamalizi.

Akapanda. Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Novemba, saa kumi za jioni, shule imeshafungwa na mwanga bado upo. Alisimama mlangoni na daftari ndani ya koti akaomba radhi kwa usumbufu. Leusa alimtazama viatu akamwambia aingie kabla havijafa.

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumanne. Tangu baba yake Leusa afe hakuna aliyekuwa amekalia kile kiti cha upande wa pili wa moto. Jumatatu Leusa alioka. Jumanne tangu adhuhuri alikuwa ameshaosha kikombe cha pili, akakifuta, akakiosha tena. Mwanzoni sauti yake ilikauka upesi, kwa kuwa haikuzoea kazi, na mwalimu alingoja huku akimeza mtindi wake polepole. Alikuwa msikilizaji mzuri, hilo lazima lisemwe. Aliandika kila kitu. Alipomuuliza jina la shamba, alitaka na sababu ya jina, na alipopewa sababu alicheka mahali pa kuchekea. Mara moja alileta machungwa mawili. Leusa alikula lake kwa siku tatu.

Mwezi wa pili waliwafikia wafu wa ukuta wa kaskazini. Leusa alifumba macho akawahesabu kama alivyowahesabu maisha yake yote, kutoka kwenye mti kwenda langoni. Wa kwanza fulani, wa pili fulani, wa tatu Nansi. Wa sita alikuwa mchuuzi wa Kiayalandi aliyekutwa amekufa na theluji, hakuna aliyejua jina lake. Wa tisa alikuwa Ifan, mtoto mchanga wa Catrin wa Pandy, aliyeishi siku mbili. Mwalimu aliandika namba moja hadi kumi na moja, akapuliza wino ukauke.

Jioni hiyo alimuuliza angependa apewe nini kwa wema wake wote.

"Sitaki kitu," Leusa alisema. "Andika tu kwamba yote haya aliyasema Nansi wa Pen-y-ffridd. Uliweke jina lake mwanzoni, mtu alione kabla hajachoka kusoma."

"Litakuwa ukurasa wa kwanza," mwalimu alisema. "Na kazi hii ni yetu sisi wawili, Leusa. Ujue hivyo."

Yetu. Alilibeba neno hilo wiki nzima, akaenda nalo kukama, akalala nalo.

Kwetu insha ya mashindano haipelekwi na jina la mwenyewe. Mwandishi hujificha nyuma ya jina la kubuni, na jina la kweli hufungwa ndani ya bahasha, ili mwamuzi asimpendelee binamu yake. Mwalimu alimwomba Leusa achague jina la kujifichia. Hakufikiri hata kidogo. Alisema: Jiwe la Mlangoni. Mwalimu akasema hakuna jina zuri kuliko hilo, akaliandika mbele yake kwa herufi kubwa, na Leusa akalitazama mpaka likakauka.

Eisteddfod ilifanyika Jumatatu ya Pasaka, ukumbi umejaa hadi madirishani. Leusa alivaa nguo nyeusi ya kanisani, akaketi benchi la nyuma pamoja na Catrin wa Pandy. Hao wawili walikuwa marafiki tangu wasichana, walikusanya pamoja sufu iliyonasa kwenye miiba. Baada ya Catrin kuolewa urafiki ulipungua ukawa ule wa kukaa benchi moja. Mezani palikuwa na vifuko vya hariri vya zawadi, vyenye utepe wa kumvisha mshindi shingoni. Cha insha, chekundu, alikishona Leusa mwenyewe, kwa sababu wanawake wa parokia hugawana vifuko hivyo, na yeye aliomba apewe hicho.

Mwamuzi alikuwa mchungaji kutoka mjini, mwenye sauti ya mtu asiyekatizwa. Alisema insha nne zimeletwa na tatu zingefaa kuwashia moto. Ya nne alisema ni hazina. Alisoma kipande, na kipande chenyewe kilikuwa ni kile cha mapacha wa mawe matatu, neno kwa neno, hata ule mguno wa bibi ulikuwemo. Wanawake wawili walitoa leso. Kisha mwamuzi akafunga karatasi akasema kama isemwavyo siku zote:

"Jiwe la Mlangoni, kama yumo humu, na asimame."

Leusa akasimama.

Hakuamua kusimama. Jina liliitwa, na jina lilikuwa lake. Tangu mtoto alikuwa ameona watu wakisimama hivyo, ukumbi ukigeuka kuwatazama, na hakuwahi kuwaza kwamba kuna namna nyingine. Ukumbi ukageuka. Na kule mbele, safu ya pili, Ifor Prydderch naye alikuwa amesimama, koti limefungwa vizuri, anatabasamu kuelekea jukwaani, hajatazama nyuma.

Kicheko kikaanzia upande wa wanaume.

"Leusa mama," Wil wa Dukani alipaza sauti, "shindano la soksi ni baada ya chai."

Hapo ukumbi wote ukacheka, hata watoto wa kwaya. Hawakuwa na ubaya, watasema. Mwanamke asiyejua herufi amesimama kudai zawadi ya kuandika, nani asingecheka? Leusa alimtazama mwalimu. Mwalimu aligeuka sasa, akamwona, na uso wake ukaingia wekundu kuanzia shingoni. Neno moja kutoka kwake lingetosha. Angenyoosha tu mkono. Badala yake aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake njiani, kisha akapanda jukwaani.

Catrin alimvuta sketi. "Kaa, Leusa. Kaa chini, unatuaibisha."

Akakaa. Akaangalia kifuko chake chekundu kikivishwa shingo ya mtu mwingine.

Jumanne iliyofuata alioka mkate. Alijiambia kwamba ni kwa ajili yake mwenyewe, lakini alikiosha kikombe cha pili. Alikuwa na hakika mwalimu atakuja kueleza, na alikuwa ameshapanga jinsi atakavyonuna kwanza, kisha jinsi atakavyomsamehe. Saa kumi ikapita. Alikula mkate ule hadi Ijumaa, na uliobaki akawapa kuku.

Aliendelea kungoja kitabu. Jambo moja halikuwa limeharibika bado, jina la Nansi lilikuwa halijaonekana wala halijakosekana. Kitabu kilitoka Novemba, na mwalimu akamtumia nakala moja kwa Dei wa Posta, imefungwa kwa karatasi ya kahawia. Dei aliipandisha kwenye mvua. Leusa alimzuia mlangoni akamwomba atafute jina la bibi yake.

"Ukurasa gani?"

"Wa kwanza."

Dei aliweka mfuko chini akafungua. Alisoma kwa midomo, maji yakimdondoka kwenye ukingo wa kofia. Ukurasa wa kwanza ulimshukuru mwenye ardhi. Wa pili ulimshukuru mchungaji, na kamati, na mke wa mwalimu kwa uvumilivu wake. Kisha palikuwa na mstari kuhusu masimulizi yaliyokusanywa kwa taabu kutoka kwa wazee wa parokia.

"Labda hao wazee ni wewe," Dei alisema kumfariji.

"Nina miaka hamsini na mbili, Dei."

Aliendelea kufunua, maskini, mikono imekufa baridi, kwa kuwa hakutaka kuondoka na jibu hilo. Mwishoni kabisa akaguta kwamba amempata. Ukurasa wa sabini na moja palikuwa na mchoro wa ukuta wa kaskazini na orodha ya majina. Dei akasoma: "Namba tatu. Nansi wa Pen-y-ffridd, mjane, maskini aliyelishwa na parokia."

Leusa alichukua kitabu akamshukuru. Watu waliosoma wana adabu nyingi, hata mali yako wanaibeba wamevua kofia. Wala Nansi hakulishwa na parokia. Alilishwa na soksi, jozi mbili kwa wiki, na mjukuu wake ndiye aliyezitembeza sokoni.

Kwetu, Jumamosi kabla ya Jumapili ya Maua, ile inayotangulia Pasaka, watu wote hushuka makaburini. Mawe husuguliwa, magugu hung'olewa, na kila kaburi hupambwa, kwa kuwa Jumapili bonde zima litapita kuangalia nani amewakumbuka wake na nani amewaacha na nyasi. Ukuta wa kaskazini haukuwahi kupambwa, ila maua machache ambayo Leusa aliyatawanya mstari mzima, ili Nansi asiwapite majirani zake. Watoto na wajukuu wa wale wengine hawakujua walipo watu wao, na kuuliza ni aibu, kwa maana kuuliza ni kukiri kwamba ulisahau.

Jumamosi hiyo Leusa alishuka na ndoo ya maua madogo ya njano ya kwenye kingo za mashamba, yamefungwa kwa nyasi mbichi yasinyauke. Alipopita lango alisimama. Ukuta wa kaskazini ulikuwa umejaa watu. Walikuwa wamepiga magoti mstari mzima, na vitabu vyao wamevifungua juu ya nyasi, wanaangalia mchoro, wanaangalia bamba, wanapanda maua. Wengine walikuwa wanalia kidogo, kwa furaha.

Alihitaji kutazama mara moja tu. Mwalimu alikuwa ameandika namba sawasawa, moja hadi kumi na moja. Lakini alipokuja kuchora alisimama langoni, kama mtu yeyote anayeingia, akahesabu kutoka langoni kwenda kwenye mti. Hakupanda kuuliza, maana wakati huo alikuwa ameshaacha kupanda. Kwa hiyo kila aliyelala kule amewekwa huku. Wajukuu walikuwa wanalilia watu wasiowajua. Katika wote kumi na mmoja aliyekuwa mahali pake ni wa sita, wa katikati, yule mchuuzi wa Kiayalandi, na huyo hakuwa na mtu wa kumletea ua.

Na juu ya kaburi la Nansi, la tatu kutoka kwenye mti, alipiga magoti Catrin wa Pandy.

Alikuwa amepanga mawe meupe ya mtoni kuzunguka bamba, yote yanalingana, kazi ya wiki nzima. Alipomwona Leusa alijifuta uso kwa mgongo wa mkono, ukabaki na udongo.

"Njoo umwone, dada," alisema. "Mwalimu amenipatia Ifan wangu."

Leusa alitaka kusema, na maneno yalifika hadi kwenye meno. Wakati mtoto yule anazikwa Catrin alikuwa kitandani na homa. Wanaume ndio waliompeleka. Leusa siku zote alidhani mumewe alimwonyesha mahali. Kumbe mume hakusema, naye hakuuliza, na mume akafa, na miaka ishirini na kitu mama huyu alipita kando ya ukuta ule kila Jumapili akitazama mbele. Hakumuuliza Leusa kwa sababu hakujua kwamba anajua. Benchi moja, miaka yote hiyo.

"Ni vizuri," Leusa alisema. Akageuka akapanda mlima na ndoo yake imejaa.

Jumatatu alikwenda shuleni, akangoja watoto watoke. Alimweleza mwalimu kwa utulivu kwamba mstari umegeuzwa. Akamwambia pia kwamba lipo suluhisho. Asimame kanisani, aseme amekosea kuhesabu, aseme hesabu ya kweli ni ya Nansi na Leusa, na yeye Leusa atapita naye kaburi kwa kaburi kuwaonyesha watu. Hakuomba zaidi ya hapo.

Mwalimu alikaa chini kwenye dawati la mtoto. Hakubisha kwamba amekosea, hilo nalo lazima lisemwe. Alifikicha kipande cha chaki mpaka kikawa vumbi. Alisema vitabu vimeshauzwa vyote, hata Huw ameagiza kimoja kutoka Liverpool. Alisema watu wana amani kwa mara ya kwanza.

"Umewaona, Leusa. Unataka kuwaambia walikuwa wanalilia udongo wa watu wengine?"

"Wewe ndiye uwaambie."

"Na kama nikisema sikukosea," alisema taratibu, hakumtazama, "wataamini kitabu au watakuamini wewe?"

Leusa aliisikia saa ya ukutani. Kisha akamwambia kwamba kuna mmoja atakayemwamini, na akaondoka.

Huyo mmoja alikuwa Catrin. Leusa alijua hivyo kama alivyojua majina ya mashamba. Neno moja tu kwa Catrin, na Catrin angeligeuza bonde juu chini. Angempigia mwalimu mlango, angemtikisa Wil wa Dukani, angemsimamisha mchungaji katikati ya sala. Mwaka mzima Leusa alilitunza neno hilo kama mtu anayefunika makaa kwa majivu. Jioni alikaa peke yake mbele ya moto akawaza jinsi watakavyopanda mlima wote, kofia mkononi, kumuuliza: Leusa mama, wangu yuko wapi? Na jinsi atakavyowajibu, kutoka juu.

Jumamosi ya mwaka uliofuata alishuka mapema, umande haujakauka, kusudi awahi kabla ya wengine. Catrin alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa tu kwenye nyasi karibu na yale mawe meupe, hana maua. Amekonda. Hakusalimu.

"Mwaka jana ulinijibu neno moja ukaondoka na ndoo yako," Catrin alisema. "Nimelifikiria hilo mwaka mzima. Wewe hukawii kusahihisha watu, Leusa. Ukinyamaza, ni kwamba kuna jambo."

Leusa aliweka ndoo chini.

"Niambie kweli. Ndiye?"

Ndiyo hiyo saa aliyoingoja. Hatua sita tu kushoto, chini ya bamba lililovunjika pembe, Ifan alikuwa amelala ndani ya sanduku la ukubwa wa droo. Leusa mwenyewe alishika taa ya baba siku ile ya ukungu. Angemshika Catrin mkono akampeleka. Na bibi yake angerudishiwa kaburi lake, na mwalimu angekoma, na ukumbi ule ungesimama wote mbele yake safari hii.

Alimtazama Catrin. Ndani ya kucha zake mlikuwa na udongo wa zamani, usiotoka kwa kunawa, udongo wa mwaka mzima. Hakuwa anakuja Jumamosi ya Maua tu. Nyasi za pale zilikuwa zimekatwa kwa mkasi. Kando ya bamba, imefukiwa nusu, ilionekana kofia ndogo iliyofumwa kwa sufu nyeupe, ya kichwa cha mtoto wa siku mbili.

"Kama siye, sema sasa," Catrin alisema, na sauti yake ikapungua. "Lakini mwaka huu nimekuwa nalala, dada. Sikuwa nalala kabla."

Mwanamke huyu ndiye aliyemvuta sketi. Leusa hakusahau hilo, wala hatasahau. Hakuwahi pia kusema uongo juu ya kaburi la mtu yeyote, tangu siku aliyogongwa kiganja kwa sindano.

"Ndiye," alisema. "Mwalimu alihesabu vizuri."

Catrin alitoa pumzi ndefu akaweka kiganja juu ya nyasi, juu ya Nansi, kama mtu anayepapasa paji la mtoto kuona kama homa imeshuka. Hakusema asante. Baada ya muda alisimama akaenda kutafuta maua, na akatembea kama mtu aliyepungukiwa mzigo.

Kufikia saa nne watu walikuwa wamejaa. Leusa alikuwa amepiga magoti kwenye kaburi la tisa, lile ambalo kitabu kinasema ni la bibi yake, anapanda maua yake madogo ya njano moja moja kwenye udongo. Hakuna aliyeona ajabu. Mwalimu alipita na mkewe, akavua kofia, na kwa kuwa mkewe yupo ilimlazimu aseme neno.

"Bibi Nansi amependeza mwaka huu, Leusa."

Leusa aliinua macho, lakini siyo kwake. Alitazama kule kwenye mti mweusi, mawe meupe yanang'aa na maua ya Catrin yamejaa mpaka bamba halionekani. Tangu azikwe Nansi hakuwahi kutunzwa hivyo.

"Amependeza," alisema, na mwalimu akaenda zake haraka kuliko adabu inavyotaka.

Mchana watu walikwenda kula. Catrin alipita langoni, akampungia mkono kwa mbali, akaingia kwa binamu yake ambako kulikuwa na mchuzi wa kondoo na watu kumi mezani. Hakuna aliyemwita Leusa, na yeye hakutegemea kuitwa. Alibaki peke yake chini ya ukuta, kwenye kivuli ambacho jua letu halikifikii kamwe, mbele ya mtoto ambaye hakuna mwingine duniani aliyejua kwamba yupo pale. Hakupata muda wa kuambiwa jambo lolote, mtoto huyu. Leusa alifuta udongo magotini, akakaa vizuri, akafumba macho.

Alianza juu, kwenye mawe matatu na mti wa miiba, kwa sauti ndogo, akateremka nyumba kwa nyumba. Alipofika kwenye kinu alichanganya jina la bibi harusi. Akaanza tena kutoka juu.